Masizi ya Jiko na Sakafu ya Nyumba ya Mjini

Katika mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, chumba kimoja aghalabu hufanya kazi ya vyumba vitatu. Alfajiri ni jikoni, mchana ni mahali pa kupokelea wageni, na usiku ni mahali pa kulala jamaa wote. Jiko husimama hatua mbili tu kutoka kitandani, na mtoto hujifunza kutambaa mahali pale pale mama yake anaposonga ugali. Kwa hiyo jambo ambalo katika nyumba yenye vyumba vingi lingekuwa dogo, hapa huwa kubwa. Jambo tunalotaka kulieleza juma hili ni masizi, yaani ule weusi laini unaotoka motoni na kutua darini, ukutani, na mwisho wa safari yake, sakafuni.

Watu wengi hudhani ya kuwa sakafu nyeusi ni aibu tu mbele ya wageni. Ni kweli kwamba ni aibu, walakini aibu ndiyo hasara iliyo ndogo. Hasara kubwa ni ya kifua, na zaidi kifua cha mtoto, ambaye pua yake iko karibu na sakafu kuliko pua ya mtu mzima. Tena, njia itumiwayo na wengi kuondoa masizi, ndiyo ufagio mkavu kila asubuhi, haiyaondoi hata kidogo. Huyahamisha tu kutoka sakafuni na kuyapeleka hewani, nasi tukayavuta. Kwa hiyo yatupasa kujua mambo mawili: jinsi ya kuyaokota masizi bila kuyarusha, na jinsi ya kuyazuia yasizaliwe tena.

MASIZI NI KITU GANI?

Yafaa kwanza kutofautisha masizi na jivu, maana vitu hivi viwili huchanganywa mara nyingi. Jivu ni mabaki ya kuni au makaa yaliyokwisha kuungua kabisa. Rangi yake ni ya kijivu au nyeupe, ni kavu, nalo hupanguswa kwa urahisi. Masizi ni kitu kingine. Hayo ni chembe za kaa zilizotoroka motoni kabla hazijapata hewa ya kutosha kuungua. Chembe hizo hubeba mafuta na utomvu mweusi kama lami, na hiyo ndiyo sababu hushika. Ukisugua jivu kwa kidole, litapanguka. Ukisugua masizi, yatatandaa.

Udogo wa chembe hizi wapita kiasi. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe za moshi zinazoingia ndani kabisa ya mapafu hazizidi mikroni 2.5. Maana yake ni kwamba chembe karibu 30 zingeweza kupangwa ubavu kwa ubavu katika unene wa unywele mmoja. Kitu kidogo hivyo kikirushwa na ufagio hakirudi chini mara moja. Huweza kuelea hewani kwa saa nyingi, hata baada ya aliyefagia kuketi na kuridhika ya kuwa nyumba yake imekuwa safi.

Na wingi wake je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya taa za utambi zisizo na kioo, yaani koroboi zetu za mkebe, ulionyesha ya kuwa kati ya kila gramu 100 za mafuta ya taa yanayoungua, gramu 7 hadi 9 hugeuka masizi. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa gramu 800 hivi. Basi msomaji apige hesabu mwenyewe: koroboi ikimaliza lita moja, imetoa masizi ya gramu 56 hadi 72. Yale yasiyotoka mlangoni wala yasiyovutwa na watu yametua mahali fulani ndani ya chumba.

MADHARA YAKE

Ubaya wa masizi haukugunduliwa jana. Mwaka 1775 daktari mmoja wa London, jina lake Percivall Pott, aliandika ya kuwa vijana waliokuwa wakitumwa kupanda ndani ya dohani za nyumba ili kuzisafisha walikuwa wakipatwa na saratani ya ngozi sehemu za siri, mahali masizi yalipokuwa yakikusanyika. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari kuonyesha ya kuwa kazi ya mtu yaweza kumletea saratani. Siku hizi wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani huyahesabu masizi yanayowapata wasafishaji wa dohani katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha ugonjwa huo.

Shirika hilo hilo lilikadiria ya kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Haki yatudai tuseme wazi kwamba vifo hivyo vyatokana na moshi unaovutwa, si na sakafu yenyewe. Lakini masizi ya sakafuni ni moshi ule ule uliotua. Ukirushwa upya na ufagio, au na miguu ya watu, au na upepo wa mlangoni, huwa umevutwa mara ya pili. Na mtoto atambaaye huyapata kwa njia nyingine pia, kwa kuwa hutia mikono kinywani.

Wakazi wa Dandora, Korogocho na mitaa iliyo karibu wana sababu ya ziada ya kujihadhari. Moshi wao hautoki jikoni peke yake. Jaa la Dandora lilianza kupokea taka za mji miaka ya 1970, na takataka zake huungua mara kwa mara. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mtaa huo. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Kwa hiyo weusi unaookotwa sakafuni huko huenda si masizi matupu, na kazi ya kuuondoa yataka uangalifu zaidi. Viatu viachwe mlangoni, sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiliwa, na mtoto anawe mikono kabla ya kula.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Mwandishi anayeshauri watu wasafishe nyumba kwa maji mengi hajawahi kununua maji kwa mtungi. Tangu mgawo wa maji ulipoanza Nairobi tarehe 1 Januari 2017, baada ya maji ya bwawa la Ndakaini kupungua, wakazi wengi wa Eastlands wameijua thamani ya mtungi wa lita 20. Njia tunayoieleza hapa yahitaji nusu ya mtungi kwa chumba cha kawaida. Vitu vingine ni hivi: ndoo mbili, matambara manne au matano ya pamba, sabuni ya unga, ufagio laini, kizoleo, mfuko wa kutilia uchafu, na kitambaa safi cha kufungia pua na mdomo. Aliye na barakoa nzuri ya kuzuia vumbi atumie hiyo, maana kitambaa husaidia kidogo tu.

Kuna kitu kingine ambacho ni cha lazima, nacho hupatikana kwa bei ndogo au bure: unga wa mbao. Mafundi seremala wa Gikomba na wa kando ya barabara zetu huwa nao tele. Uchague ule wa mbao tupu, usichukue wa mbao zilizopakwa rangi au dawa. Anayekosa unga wa mbao na achane magazeti ya zamani vipande vidogo. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yafaa pia, lakini kwa sakafu yenye rangi nzito tu, kwa kuwa yaweza kuacha doa katika sakafu nyeupe.

KAZI YENYEWE

Kwanza, chagua saa. Saa nzuri ni asubuhi kabla ya kuwasha moto, wakati masizi ya jana yamekwisha kutua. Fungua mlango na dirisha, toa nje watoto, mikeka na nguo zinazoning'inia. Mtu mwenye pumu na mama mjamzito wasifanye kazi hii, aifanye mwingine. Bwana wa nyumba asidhani ya kuwa heshima yake itapungua akishika tambara. Makaa anayapikia chai yake yeye pia.

Pili, anza juu. Watu wengi husafisha sakafu kwanza, kisha hukumbuka utando mweusi darini, wakaupangusa ukaanguka juu ya kazi yao. Anza na dari au mabati, fuata kuta, kisha rafu na kabati. Sakafu iwe ya mwisho.

Tatu, okota masizi yaliyolegea kabla ya kuleta maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wengine hufagia kwa ufagio mkavu, nao hujaza chumba vumbi. Wengine, wakitaka kuepuka vumbi, humwaga maji moja kwa moja juu ya masizi. Maji hayo huyageuza masizi kuwa kama wino, na wino huo hunywewa na vitundu vya saruji. Chukua unga wa mbao au vipande vya gazeti, vitie maji, kisha uvikamue kwa nguvu hata visidondoshe tone. Vitawanye sakafuni, uviache dakika chache, halafu fagia polepole kwa mikono mifupi, kutoka ukuta wa mbali kuelekea mlangoni. Unyevu hushika masizi yasiruke, na kwa kuwa maji ni kidogo, hayaingii katika saruji. Zoa kila kitu, tia mfukoni, funga mfuko. Usiutie motoni, maana utakuwa umeyarudisha masizi yale yale nyumbani.

Nne, ondoa yaliyoshika. Tia lita tano za maji ya moto kiasi katika ndoo ya kwanza pamoja na sabuni ya unga, na lita tano za maji safi katika ndoo ya pili. Loweka tambara katika maji ya sabuni, likamue, upanguse eneo dogo lisilozidi mkeka mmoja. Pangusa kwa upande mmoja, usizungushe, kwa kuwa kuzungusha huyarudisha masizi ulikoyatoa. Likunje tambara kila linapochafuka ili upande safi ndio uguse sakafu. Suuza tambara katika ndoo ya pili, si katika ile ya sabuni, kisha lichovye tena katika sabuni. Hivyo maji ya sabuni hukaa safi muda mrefu, na maji hayapotei bure. Ukimaliza, pangusa mara ya mwisho kwa tambara lenye maji matupu, kisha kausha. Maji machafu yamwagwe chooni au katika mfereji wa maji machafu, yasimwagwe mbele ya mlango watoto wanapocheza.

Tano, doa lililokaa. Mahali jiko liliposimama miaka miwili au mitatu huwa na duara jeusi lisilotoka kwa sabuni. Hapo magadi yatakusaidia, yale yanayotoka katika Ziwa Magadi, upande wa Kajiado, ambayo watu huyatia katika maharagwe ili yaive upesi. Magadi huvunja mafuta, na mafuta ndiyo yanayoyashikiza masizi. Yeyusha vijiko viwili vikubwa vya magadi katika lita tano za maji ya moto, vaa glavu, mimina kidogo juu ya doa, ngoja dakika kumi, kisha sugua kwa brashi na usuuze vizuri. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Mpangaji anayejiandaa kuhama asidharau kazi hii, kwa kuwa duara moja jeusi laweza kumkosesha amana aliyomwekea mwenye nyumba.

KILA SAKAFU NA DAWA YAKE

Sakafu za mitaa yetu si za namna moja. Katika mitaa ya zamani, kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, na katika mitaa mingine mingi iliyoifuata, sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa polishi nyekundu ndiyo fahari ya nyumba. Sakafu hii ina faida, kwa kuwa nta ya polishi huziba vitundu vya saruji na kuyazuia masizi yasiingie. Lakini ina hatari yake. Anayepaka polishi juu ya masizi huyafungia ndani, na kila tabaka jipya huzidisha weusi. Ndiyo sababu utaona nyumba ambayo sakafu yake yang'aa lakini rangi yake ni nyeusi kama kiatu, wala hakuna mtu akumbukaye kwamba zamani ilikuwa nyekundu. Dawa yake ni kuitoa nta yote ya zamani kwa maji ya magadi na waya laini wa kusugulia sufuria, kuiacha sakafu ikauke siku nzima, kisha kupaka polishi mpya, kidogo sana, na kuisugua kwa kitambaa mpaka ing'ae. Rangi kidogo itatoka pamoja na nta. Usishtuke, polishi mpya itairudisha.

Sakafu ya saruji tupu, isiyo na nta, yataka uangalifu zaidi katika kuokota masizi kabla ya maji, kwa sababu vitundu vyake viko wazi. Sakafu ya vigae ni rahisi, ila mistari ya saruji kati ya kigae na kigae husafishwa kwa mswaki wa zamani. Palipotandikwa zulia la plastiki, liinue, maana masizi huingia chini yake kwa pembeni. Sakafu ya mbao isitiwe magadi, kwa kuwa magadi huigeuza mbao kuwa nyeusi. Tumia sabuni kidogo na tambara lililokamuliwa sana. Nayo sakafu ya udongo haioshwi. Nyunyiza maji kidogo, kwangua tabaka jembamba la juu lililoingia masizi, litupe, kisha siriba upya.

MAMBO YASIYOFAA

Kuna makosa matatu ambayo yafaa yatajwe wazi, kwa kuwa yaweza kuleta msiba. La kwanza ni kusugua sakafu kwa petroli au mafuta ya taa. Ni kweli kwamba mafuta hulegeza masizi, lakini mvuke wake hutambaa chini hadi ukutane na jiko la jirani au kiberiti. La pili ni kuchanganya dawa. Dawa nyeupe ya kuulia vijidudu na kung'arisha nguo haiondoi masizi, kwa kuwa masizi ni kaa wala si rangi. Ikichanganywa na dawa kali ya kusafishia choo, hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza mapafu. La tatu ni kusugua sakafu yenye nta kwa mchanga au jivu, kama tunavyosugua masufuria. Sufuria hustahimili, sakafu hukwaruzwa, na kila mkwaruzo huwa makao mapya ya masizi.

BAADA YA MOTO

Mpaka hapa tumesema juu ya masizi ya kila siku. Yako masizi ya namna nyingine, yale ya nyumba iliyopatwa na moto au iliyokuwa jirani na moto. Eastlands imeyajua sana. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 moto katika soko la Gikomba uliua watu 15. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka mtaani Embakasi, ikaua watu, ikajeruhi wengine zaidi ya 200, na kuunguza nyumba na magari. Moto wa namna hii hauunguzi kuni tu. Huunguza plastiki, nguo, rangi, magodoro na nyaya za umeme, na masizi yake yana sumu kuliko yale ya jikoni.

Aliyeponea moto wa jirani asiingie kusafisha mpaka wazima moto waseme ni salama na umeme uwe umekatwa. Chakula kilichokuwa wazi kitupwe, hata kama chaonekana kizuri. Godoro lililoingia moshi, na vitu vya mtoto vya kutia kinywani, ni afadhali kuvitupa kuliko kuviosha. Nguo zifuliwe mbali na nguo nyingine. Sakafuni, fuata utaratibu ule ule tuliokwisha kuutaja: juu kwanza, okota kwa unyevu, ndipo uoshe. Lakini uvae barakoa ya kweli, glavu na viatu, na kazi ya kuosha uirudie mara mbili au tatu kwa siku mbalimbali, maana masizi huendelea kutua. Mtoto asiletwe kulala humo mpaka tambara jeupe lipitishwe sakafuni na kutoka jeupe.

JIKO NDILO CHANZO

Sasa tufikie jambo la pili tulilolitaja mwanzoni. Anayeosha sakafu na kuliacha jiko lilivyokuwa amefanya nusu ya kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni moto usiopata hewa.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa katika kila nyumba 100 za Kenya, nyumba 55 hivi zilipika kwa kuni, karibu 24 kwa gesi, karibu 12 kwa makaa, na karibu 8 kwa mafuta ya taa. Kila moto una ishara zake. Stovu ya mafuta ya taa ikiwa na ndimi za buluu, inaungua vizuri. Zikigeuka za manjano zenye ncha nyeusi, inatengeneza masizi. Kata ncha za tambi zilizoungua ziwe sawasawa, usizipandishe kupita kiasi, na uondoe jivu lililoziba vitundu. Gesi nayo ikitoa mwali wa manjano na kutia weusi chini ya sufuria, kichwa chake kimeziba. Kioshe na ukikaushe. Koroboi iachwe kabisa kama iwezekanavyo, na mahali pake pawekwe taa ndogo ya jua au ya betri kwa usiku ule umeme unapokatika au tokeni zinapokwisha.

Kwa watumiao makaa, makaa yawe makavu, na jiko liwashwe nje. Usiliwashe kwa vipande vya plastiki, maana moshi wake ni mbaya kuliko yote. Jiko lenye kauri ndani, ambalo lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980 kwa mfano wa majiko ya Thailand, nalo hutengenezwa na mafundi wa jua kali kama wale wa Shauri Moyo, hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi kuliko jiko la bati tupu. Makaa yakipungua, moshi nao hupungua, na fedha hubaki mfukoni.

Lakini hapa hapana budi tuonye kwa mkazo. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyotoa moshi, hutoa masizi machache sana. Ila hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu aliyelala huweza kufa bila kuamka. Katika baridi ya Juni na Julai watu huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili wapate joto, na misiba hutokea. Basi sakafu nyeusi ni ushahidi kwamba moto ni mbaya, lakini sakafu safi si ushahidi kwamba hewa ni nzuri. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu, hata liwe safi namna gani.

Twajua ya kuwa si kila mtu awezaye kuchagua moto wake. Bei ndiyo inayoamua. Mwezi wa Septemba 2018 Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli, na jamaa nyingi zikaanza kuitazama gesi. Mwezi wa Julai 2021 gesi nayo ikatozwa kodi ya asilimia 16, ambayo iliondolewa mwaka 2023. Katika mabadiliko hayo yote mwenye mshahara mdogo huhama kutoka jiko hadi jiko. Hata hivyo, mahali pa kulisimamisha jiko hapahitaji fedha. Lisogeze karibu na mlango au dirisha, mbali na kitanda na pazia. Chini yake weka bati au kipande cha kigae ili masizi na makaa yanayodondoka yaokotwe kila siku kabla hayajatandaa.

Mwisho, twampa msomaji kipimo kisicho na gharama. Akishasafisha sakafu kama tulivyoeleza, ahesabu siku saba. Siku ya saba achukue tambara jeupe lenye unyevu, alipitishe mara moja sakafuni hatua moja kutoka jikoni, na mara nyingine chini ya kitanda. Tambara likitoka na vumbi la kawaida, mambo ni mazuri. Likitoka jeusi karibu na jiko tu, atazame tambi, makaa na mahali jiko linaposimama. Likitoka jeusi hata chini ya kitanda, ajue ya kuwa jamaa yake yote imelala katika moshi huo juma zima, na kabla ya kuijaza ndoo tena na aanze kwanza na jiko.